Kuuza Si Kuunda

Waliokuwepo siku ile kwenye yadi ya magari ni hawa. Mimi, niliyekuwa na miaka kumi na saba. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, miaka kumi na mitatu, ambaye hakupenda kusema mbele ya watu wazima lakini hakusahau neno walilosema. Mdogo wetu wa kiume wa miaka minane, mwenye mguu uliopooza tangu utotoni. Kitinda mimba wetu, miaka mitatu, amelala mgongoni kwangu. Dereva wa marehemu baba, mtu wa kisiwa cha Koyama. Na mwenye yadi, ambaye tulimwita Adeer, kama watoto wa Kisimayu wanavyomwita ndugu wa baba. Sita. Hakuwapo mwingine, na atakayekuambia alikuwapo ni mwongo.

Nawataja wote kwa sababu. Kwetu, neno baya likisemwa faraghani, radhi yake huombwa faraghani. Likisemwa mbele ya watu, radhi yake huombwa mbele ya watu wale wale. Mimi nililisema mbele ya hawa.

Mama alifariki akimzaa kitinda mimba. Mimi nilikuwa darasa la sita, nikaacha, kwa sababu mtoto mchanga hangojei kengele ya shule. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua kwa wavuvi wa visiwani, akapakia kwenye pikapu yake nyeupe ya dizeli, akapeleka mjini. Pikapu ile aliinunua kwenye yadi ya Adeer, na baada ya hapo wakawa marafiki wa kunywa chai baada ya alasiri. Miezi michache kabla serikali haijaanguka baba aliugua tumbo, akafa. Adeer alibeba jeneza. Makaburini, udongo ukiwa bado mikononi, aliwaambia watu, “Watoto hawa ni wangu.” Nilimsikia mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nyuma ya ukuta na wanawake.

Kisha wenye bunduki wakaingia mjini, na kitu cha kwanza walichotaka ni magari. Dereva na mimi tuliificha pikapu kwenye banda la mashua la baba. Tulitoa magurudumu, tukaifunika nyavu, na juu ya nyavu tukatandaza papa mkavu, papa wa zamani, yule ambaye hata paka humkimbia. Walikuja mara mbili. Mara ya pili mmoja alisimama mlangoni, akafunga pua kwa kilemba, akauliza, “Humu mnaishi watu?”

Dereva akamjibu, “Tunaishi, walaal, ndugu yangu. Huu ndio uturi wetu.”

Yule mtu akacheka, wakaenda zao. Tulikaa na gari letu chini ya papa karibu mwezi mzima.

Halafu ikaja habari kwamba vita vinarudi, na safari hii ni vikubwa zaidi. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa Burgao, bandari ya kusini, na boti ya kwenda Kenya. Alituma mtu kusema atatungoja hadi Jumamosi. Baada ya hapo hawezi, ana watu wengine. Siku niliyoupata ujumbe ule ilikuwa Jumapili. Njia ya Burgao ni mchanga na kichaka. Gari likikufia huko na mtoto asiyeweza kutembea, hakuna wa kukuuliza kulikoni.

Dereva alisema, “Tufunge magurudumu, kesho alfajiri tuondoke.”

Mimi nikasema hapana. Gari kwanza liende kwa fundi wake.

Hapa inabidi nieleze kosa langu, maana mtu wa bara hangelifanya. Kina baba ni watu wa kisiwa cha Fuma, na Fuma chombo hakiondoki safari ndefu kabla ya fundi aliyekiunda kukizunguka. Anakuja na nyundo yake ya mti, anagonga ubao mmoja mmoja, anasikiliza, kisha anasema “Nenda” au “Ngoja.” Halipwi. Kutazama chombo alichokiunda ni kama kumtazama mwanawe ana homa. Na hasemi uongo, kwa sababu fundi akidanganya juu ya ubao, watu wanazama, na wajane wanaujua mlango wake. Mimi nililelewa hivyo. Gari sikuwahi kuona likizaliwa. Nilijua limetoka kwenye yadi ya Adeer, basi Adeer ndiye fundi wake.

Dereva alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. “Mwana,” aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu baba afe, “huyu kaunda nini? Kauza. Kuuza si kuunda.”

“Baba alimwamini.”

“Baba yako alimwamini kwa chai. Gari alikuwa akinipa mimi.”

Ni kweli. Dereva alikuwa fundi wa kalafati kabla hajajua usukani. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta ya papa. Baba alimfundisha kuendesha, akaona mkono wake mwepesi, akamwachia injini pia. Lakini mimi nilikuwa mkubwa wa nyumba, na jambo la mkubwa wa nyumba ni kwamba akikosea hakuna wa kumrudi. Jumatatu asubuhi tulifunga magurudumu tukaenda, gari zima likinuka papa.

Zamani yadi ile ilikuwa na magari safu tatu, yamefunikwa turubai. Siku ile kulikuwa na madoa ya oili tu, pale kila gari lilipokuwa limesimama, na lori moja lisilo na injini. Nilimhurumia Adeer. Sikujiuliza mtu aliyenyang'anywa magari yote, mwenye mke na watoto saba, akiona pikapu nzima inaingia langoni kwake anaona nini.

Alitupokea vizuri. Alimshika kichwa mdogo wangu wa kiume, akauliza mguu. Akamwambia dereva awashe. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akafungua kifuniko cha pale oili inapotiwa, akaingia navyo stoo.

“Naviangalia kwenye mwanga,” alisema.

Ilikuwa saa tatu asubuhi na jua limetuchoma hata tumekunja nyuso. Dereva alisema kwa sauti ndogo, “Mwanga umo ndani?” Nikajifanya sikusikia.

Adeer alirudi na kifuniko mkononi, amekiinamisha nikione. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe, kizito.

“Unaliona tui hili, binti yangu? Maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Gasketi imekufa. Hapo sijasema klachi, wala bushi za mbele. Ukiondoka hivi, hufiki hata nusu ya njia. Itawaacha porini na huyu mtoto na mguu wake.”

“Itachukua muda gani?”

“Siku tatu. Alhamisi mchana njooni na mizigo yenu, mpande hapa hapa.”

“Na gharama, Adeer?”

Aliniangalia kama nimemtukana. “Nichukue pesa ya mayatima?”

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Fundi wa chombo hachukui kitu kwa kukitazama chombo chake. Nikasema moyoni, umeona? Ni fundi wa kweli.

Dereva alisogea, akakitazama kifuniko kwa karibu. “Alfajiri mimi nimeipima oili hii,” alisema. “Nyeusi, safi. Haina kichu.” Kwa lugha yetu ya visiwani kitu ni kichu, na mtu ni mchu. Kisha akanigeukia. “Onja.”

“Nini?”

“Onja hicho cheupe. Chombo kikijaa maji ngamani, kule chini kabisa yanakokusanyika, mchu hapigi kelele kwanza. Unaonja. Yakiwa chumvi, bahari inaingia, tafuta ufa. Yakiwa matamu, ni pipa lenu la kunywa limevunjika. Rejeta hii baba yako hakuitia maji ya kisima hata siku moja, aliitia ya mvua, ya birika la msikitini. Basi onja. Yakiwa matamu ni ya gari, gari ni gonjwa, nami nitanyamaza. Yakiwa chumvi...” Akaelekeza kidevu kwenye kisima cha yadi. Kila mtu Kisimayu alijua visima vya upande ule havinyweki kwa chumvi.

Adeer alicheka hadi akashika ubavu. “Mchu, mchu! Mchu anataka binti wa watu alambe oili! Mzee, gari si dau. Ukishalionja utalitia ndimu na pilipili?”

Mdogo wangu wa kiume alicheka. Mimi nilisikia uso unawaka. Nilijiona nimesimama pale, binti asiye na baba, ninanuka papa, mbele ya mtu mzima mwenye yadi, ninaambiwa nilambe uchafu.

“Onja tu, Mwana,” dereva alisema tena. “Ulimi hautakatika.”

Nikasema, na nilisema kwa sauti, “Wewe kazi yako kuziba mashua kwa pamba. Baba alikuokota ufuoni akakupa usukani, leo unamfundisha Adeer magari?”

Hakuna aliyecheka. Hata Adeer alitazama chini. Dereva alifuta mikono yake kwenye kikoi, polepole, kila kidole. Aliweka ufunguo juu ya boneti.

“Haya, Mwana. Ufunguo ni wenu.”

Akatoka langoni. Adeer akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo. Haukupita hata mkononi mwangu.

Jumanne sikwenda. Jumatano asubuhi nilikaanga samaki, nikaoka mikate ya mofa, nikampelekea Adeer kwa sahani yetu nzuri, ile yenye ua la buluu iliyobaki kwenye vyombo vya harusi ya mama. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani kulikuwa na sauti ya nyundo, nikafurahi. Adeer alifungua kidogo, mkono na uso tu, akapokea sahani. Alisema kazi inakwenda vizuri, kesho inshallah. Alisema, “Mungu akulipe, mwanangu, una moyo wa mama yako.”

Alhamisi mchana milio ya bunduki ilikuwa inasikika upande wa uwanja wa ndege. Tulifunga mizigo minne. Nilimbeba kitinda mimba, mdogo wangu wa kike akamshika mwenye mguu. Lango la yadi lilikuwa wazi.

Pikapu haikuwapo. Nilizunguka lile lori bovu, kama mtu anayetafuta mbuzi, labda imefichwa nyuma yake. Mwanamke wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta.

“Mnamtafuta nani? Wameondoka jana alasiri, yeye na mkewe na watoto wote na magodoro.”

“Kwa gari gani, mama?”

“Kwa ile ya baba yenu. Tulidhani mmempa.”

Nikamuuliza swali ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi. “Ilikwenda vizuri?”

“Ilikwenda kama saa,” alisema.

Niliingia stoo. Mezani palikuwa na sahani ya mama, imeoshwa, imepinduliwa ikauke. Nafikiri alitaka kuirudisha. Nimefikiri sana juu ya sahani ile. Mtu anayekuibia njia ya kuokoa wadogo zako anakuoshea sahani. Kando yake palikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kimeanza kukauka pembeni. Kulikuwa na kijiti cha kukorogea.

Nilitia kidole, nikaonja.

Oili ina ladha mbaya, inashika ulimi. Lakini chini ya oili palikuwa na chumvi, chumvi ile ya kisima, iliyo wazi kama mtu anayekuita jina lako. Nilitema. Nilionja tena. Nilitaka iwe tamu. Kama ingekuwa tamu, basi gari lilikuwa gonjwa kweli, na Adeer alilitengeneza kweli, na baadaye tu, hofu ilipomzidi, akaondoka nalo. Ningeweza kumsamehe mtu wa namna hiyo. Lakini alikuwa amekoroga kopo lile asubuhi ile ile ya Jumatatu, sisi tumesimama juani na mtoto mgongoni kwangu, na kisha akatoka akaniita binti yangu.

Mdogo wangu wa kike alisimama mlangoni. Alisema maneno matatu tu: “Alikwambia uonje, Dada.”

Nilikaa chini sakafuni. Nilijua dereva anakaa wapi, banda la pili kutoka ufuoni, lakini sikuinuka. Mdogo wangu hakuniomba ruhusa. Aliondoka, na baada ya muda akarudi na dereva na gari la punda.

Dereva hakuitazama nafasi tupu pale pikapu ilipokuwa. Aliuliza, “Wachu wangapi?” kana kwamba hajui, akamnyanyua mwenye mguu akamweka juu ya mizigo. Nilichukua sahani ya mama. Kopo nililiacha.

Siku zile tatu alikuwa ameokota mashua ndogo iliyotupwa kwa kuvuja, akaikalafati kuanzia mbele hadi nyuma, awapeleke mama yake na mkewe Koyama. Haikuchukua watu wengi. Ijumaa asubuhi alitupakia sisi. Mkewe alikuwa ufuoni, akinitazama nikipanda. Mama yake, bibi mfupi mwenye macho mabovu, alimwambia, “Peleka wachocho kwanza. Mimi ni mzee, nani atanitaka?” Wachocho ni watoto, kwa lugha yetu. Wakacheka wote wawili.

Njiani nilikuwa nachota maji yaliyoingia chini. Wadogo zangu walikuwa wanatapika. Wakati mmoja, bila kufikiri, nilipeleka kidole kinywani. Dereva aliniona.

“Leo yote ni chumvi, Mwana,” alisema, akatabasamu kidogo.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Watoto wote walikuwapo, waliolisikia tusi wangesikia na radhi, alikosekana mmoja tu. Neno lilikuwa kinywani. Lakini niliona aibu, na nikajiambia tukifika Koyama, tukitua, nitasema vizuri. Tulipofika, aliita watu wa kwao watupokee, akamwambia binamu yake mwenye boti ya mashine atufikishe Burgao kesho yake. Yeye hakushuka. Aligeuza mashua pale pale, kina cha magoti, kwa sababu mama yake alikuwa anangoja. Nilisimama na sahani mkononi.

Jumamosi tulimkuta mjomba, na tukafika Mombasa wote wanne, wazima. Habari zilikuja nyuma yetu, kidogo kidogo, kama zinavyokuja. Dereva alikuta ufuo wa Kisimayu haufikiki. Aliingia siku mbili baadaye. Alirudi Koyama na mkewe peke yake, bila mama yake.

Nililea wadogo zangu kwa kukaanga samaki na kushona. Kitinda mimba leo ana teksi yake. Mwaka juzi alirudi na karatasi ya gereji, mstari juu ya mstari: gasketi, shokamzoba, bushi. Akaniuliza, “Dada, nifanye?” Tulikwenda pamoja. Fundi alikuwa kijana mpole, akanionyesha kifuniko, nami nikakilamba. Alishtuka, “Mama, vipi tena?” Ulimi haukuniambia kitu, maana Mombasa maji ya rejeta na maji ya gereji yanatoka kwenye bomba moja. Nikamwambia akifute, akirudishe, awashe gari, kisha akifungue tena mbele ya macho yangu. Alikifungua. Bushi zilikuwa zimekwisha kweli, tukazilipia. Gasketi haikuwa na kitu, na alisema mwenyewe, bila hasira, kwamba aliandika kwa kubahatisha. Nilipotoka pale niliikumbuka yadi ya Adeer. Kumbe ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Wa siku ile tumetawanyika. Mwenye mguu yuko Ulaya, ana watoto. Mdogo wangu wa kike anakaa nami. Adeer, mtu alimwona mji mmoja wa bara, mzee, ana duka la vipuri. Sina la kumwambia. Lakini alikuwa wa sita, alisikia, na kwa desturi yetu ninatakiwa nimwite na yeye. Mara nyingine hilo hunichekesha.

Dereva yuko hai, Koyama. Nimetuma salamu za radhi mara mbili kwa watu wanaokwenda. Mara ya pili jibu lilirudi, na aliyelileta alilisema huku anacheka, akidhani ni mzaha wa zamani baina yetu: “Kasema, mwambieni Mwana kazi yangu kuziba mashua kwa pamba. Ya radhi siyajui.”

Labda ni mzaha. Tangu ile ya uturi alikuwa mtu wa mzaha. Labda anasema kwamba radhi haipelekwi kwa mkono wa mtu, na hilo ni kweli, nami nilikuwa nalijua kabla sijatuma. Inatakiwa niende nisimame mbele yake, na mbele ya mkewe aliyenitazama nikipanda mahali pa mama mkwe wake. Sahani ya mama nimeiweka tayari kumpelekea, nimeifunga kwa kanga. Sijaenda.